Gari la Baba Haliuzwi kwa Kilo

Nimechoka na neno mfadhili. Nalisemea hapa hapa kwenye jarida letu, maana ni humu neno hilo lilimolelewa na kunenepeshwa. Kwa miaka miwili mizima, kila kikao chetu waandishi vijana wa Tanga kilifunguliwa kwa ajenda ya kwanza, mfadhili amejibu nini, na kilifungwa kwa ajenda ya mwisho, sasa tumwandikie nani mwingine. Katikati tulikunywa chai. Hadithi hazikusomwa. Mashairi hayakusomwa. Tuligeuka makarani wa maombi, na maombi yenyewe, ndugu msomaji, sisi tunaojiita watetezi wa Kiswahili tuliyaandika kwa Kiingereza.

Tulichokuwa tunaomba ni gari. Sibishi kwamba tulilihitaji. Jarida letu lina kurasa 40 za ukubwa wa A5, yaani karatasi kumi za A4 zilizokunjwa katikati, na karatasi moja ya kawaida ina uzito wa gramu tano. Piga hesabu mwenyewe. Nakala moja gramu 50, nakala 1,000 kilo 50, mfuko mzima wa saruji. Ongeza vitabu vya wenzetu tunavyouza pamoja na jarida, ongeza meza, turubai na ngoma za wale wanaotuchezea maigizo. Huwezi kuvipandisha vyote hivyo kwenye bodaboda mpaka Amani. Basi tulilijaribu. Konda alitutoza nauli ya mzigo iliyomeza mauzo ya siku mbili, maboksi yakawekwa juu ya keria, na mvua ya Muheza unaijua. Nakala 300 zilivimba kama maandazi. Ziko chini ya kitanda changu hadi leo.

Ndiyo tukaomba. Shirika moja, silitaji, lilitujibu kwa barua nzuri kabisa kwamba wazo letu limewapendeza, ila tueleze kwanza viashiria vya mafanikio, na namna tutakavyopima mabadiliko ya tabia ya wasomaji. Mabadiliko ya tabia! Mtu amesoma hadithi ya mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, amefunga jarida, amekaa kimya barazani mpaka magharibi. Huyo utampima kwa rula gani? Lakini tulipima, jamani. Tulijaza fomu zote. Tulidanganya vizuri, kwa sarufi safi. Gari halikuja.

Na siku zote hizo gari lilikuwapo. Lilikuwa uani kwa mama, Muheza, chini ya mwembe, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1979, ile ya viti vya safu tatu ambayo watu waliiita Pijo tu. Marehemu baba alibebea abiria wa Tanga, Muheza na Korogwe, akatusomesha nalo watoto wanne, na alipofariki likaegeshwa likabaki hapo miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi mkuu wa yale maombi ya gari. Nilikuwa nikienda kumsalimia mama nalipita gari naingia ndani, nakaa sebuleni, naandika kwamba kundi letu halina usafiri.

Aliyenizindua ni mtu wa skrepa. Mama alinipigia simu mwezi Machi mwaka juzi: "Baba, yuko mtu hapa anasema atalichukua lote, uje muelewane." Nikaenda. Nikamkuta kijana wa umri wangu, ana mizani ya kuning'iniza begani ambayo hata gurudumu isingelipima, analizunguka gari kama dalali wa mnadani anavyozunguka ng'ombe. Akasema chuma ni shilingi 800 kwa kilo. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba gari hili lina kilo kama 1,300. Yeye akasema vioo si chuma, viti si chuma, matairi si chuma, kutu nayo si chuma. Tuite kilo 1,000. Laki nane, pesa mkononi, na kuku wetu anatuachia.

Nimtendee haki: hakuwa mwizi. Alitaja bei ambayo sisi wenyewe tulikwisha kuipanga kwa miaka kumi na mmoja ya kupita bila kutazama. Aliyenikera ni binamu yangu aliyekuwa ameketi barazani, kijana msomi, mwenye shahada. Akasema, "Chukua laki nane, iwe kianzio, mkope mnunue Noah." Kianzio! Noah tuliyokuwa tumeiulizia ilikuwa milioni 14, imetumika huko Japani mpaka viti vimechoka. Yaani uuze gari lililotumiwa na baba yako ili ukope ununue gari lililotumiwa na baba wa mtu mwingine, halafu ujione umepiga hatua. Hiyo ndiyo hesabu tunayofundishana.

Ngoja niseme kidogo lile gari ni gari gani, maana vijana wa leo wanajua Probox tu. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na mwaka 1969 ilipewa tuzo ya gari la mwaka huko Ulaya. Stesheni wagoni yake ilifuata mwaka 1971, nayo haikuwa saluni iliyobandikwa buti refu. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, sentimeta 16 zaidi ya saluni. Nyuma walitia ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande, kwa kuwa waliolibuni walijua litabebeshwa. Mbio za Safari Rally gari la 504 lilizishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kabla ya hapo, mwaka 1966 na 1967, mbio zilipokuwa bado zinaingia kwetu Tanzania, zilishindwa mara mbili mfululizo na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha kaka yake, 404. Baba alikuwa akitusimulia mambo ya Shankland kama wengine wanavyosimuliwa mambo ya Liyongo. Sasa we niambie kilo moja ya hayo ni shilingi ngapi.

Nikamwambia kijana wa skrepa aende salama. Mama hakusema kitu. Aliingia jikoni, akatoka na kikapu, akaanza kuwahamisha kuku.

Hapa wenzangu wa jarida wanapenda nisimulie kana kwamba mambo yalikuwa mepesi. Hayakuwa mepesi, na kosa la kwanza nililifanya mimi. Nilikuwa nimeshiba picha. Kwenye simu yangu nilikuwa na picha za vijana wa Ulaya na Marekani waliogeuza magari makuukuu kuwa nyumba za kutembelea, paa limenyanyuliwa, taa za manjano, mbwa amelala kitandani. Nikazipeleka kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza gari enzi za baba. Ni mzee wa miaka sitini na ushee, gereji yake ni mkungu mmoja na turubai. Nikamwambia nataka paa linyanyuliwe mtu aweze kusimama ndani. Akazitazama picha zote kwa adabu, moja moja.

"Magari haya yana chesisi?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Basi nenda kajue, mwanangu. Kisha urudi."

Nikaenda kujua, na ninayoyasema hapa yamsaidie mwingine mwenye gari chini ya mwembe. Magari mengi ya kwenye picha zile ni ya mizigo, yana chesisi ya kwake peke yake, na bodi imekalishwa juu kama kitanda juu ya mkokoteni. Peugeot 504 stesheni wagoni haina chesisi ya hivyo. Sakafu, kingo za chini ya milango, nguzo za madirisha na paa ndivyo vinavyobebana. Niliporudi fundi akasema, "Ni yai. Yai hukati juu ukalivika kofia ukasema bado ni yai." Inawezekana kukata, alisema, kama kwanza utafunga mbavu za bomba za pembe nne ndani kote, lakini pesa utakayoitia hapo inanunua injini, na uzito wote utakaa kichwani. Njia ya Amani ina kona na makorongo. Haina huruma na kitu chenye kichwa kizito.

Nilinuna wiki nzima. Kumbe nilichokuwa nataka si gari la vitabu, nilikuwa nataka kufanana na picha. Na hapa nawageukia waandishi wenzangu, msinikasirikie: ndivyo tunavyoandika pia. Tunaona hadithi ya mwenzetu wa mbali ina paa refu, na sisi tunakata la kwetu.

Paa halikuguswa. Safu mbili za viti vya nyuma ziling'olewa. Vioo vya ubavuni vilitolewa, nguzo zake zikaachwa zilivyo. Upande wa kushoto tukaziba kwa shiti. Upande wa kulia, penye tundu la dirisha refu la nyuma, fundi alitengeneza kifuniko chenye bawaba juu, ukikisukuma kinasimama kama kibaraza cha duka, mnunuzi anakaa kivulini, vitabu vinamtazama. Hilo lilikuwa wazo lake, sikuliona kwenye picha yoyote.

Sakafu ilitupa shida kuliko vyote. Chini ya mazulia kutu ilikuwa imekula mpaka ukiweka mkono unaona majani. Nilikuwa nimempitia kwanza fundi mwingine wa mjini, akasema laki mbili anamaliza, anajaza puti, anapiga msasa, anapaka rangi, hata askari hajui. Hata askari hajui! Sentensi hiyo nimeisikia sana katika vikao vyetu, kwa maneno mengine. Mzee wa mkungu alikataa. Alikata kutu yote mpaka akafika kwenye chuma kinacholia ukikigonga, akachomelea shiti mpya ya geji 18. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea alitoa betri, akashusha tenki la petroli akalipeleka mbali kabisa, ng'ambo ya kisima. Nikamwambia mzee, tenki lenyewe tupu. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa darasa la kwanza. Tenki tupu ndilo linaloua, alisema, kwa sababu ya mvuke. Watu wa namna hii tunawaita wababaishaji. Tunasema "fundi wa mtaani" kwa midomo iliyokunjwa, na mtu aliyeandika shairi moja la mapenzi tunamwita msanii.

Shiti moja ya futi nne kwa nane ya geji hiyo ni kilo 28 hivi. Tulitumia tatu. Fundi alikuwa akihesabu kila kitu tulichotoa na kila tulichotia, kwa chaki, kwenye shina la mkungu: viti vimetoka, vioo vimetoka, shiti zimeingia, plaiwudi ya milimita 12 imeingia. Rafu za vitabu tulizilaza nyuma kidogo na kuzitia ukingo mbele ili kitabu kisiruke kwenye kona. Maboksi mazito yanakaa sakafuni. Juu ya rafu hakuna kizito kuliko mashairi.

Pesa, maana najua ndiyo mnayongoja. Yote ilikuwa shilingi 3,277,000. Ufundi wa bodi laki saba. Injini, ambayo gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha na pete zimechoka, laki sita na ishirini. Matairi manne mapya 440,000, na hapo nilibishana na wenzangu waliotaka mitumba, kwa sababu paa unaweza kusamehe na rangi unaweza kusamehe, tairi na breki husamehi. Shiti zote tatu zilikuwa 285,000. Zilizobaki ziligawanyika kwenye breki, bomba, mbao, rangi, betri na nyaya, bima, na kukaguliwa na kubadilisha kadi, maana kadi ya gari inataja aina ya bodi na idadi ya viti, na gari letu sasa lina viti viwili. Usijaribu kukwepa hilo. Siku ya ajali bima itaisoma kadi kuliko wewe unavyosoma Kurani au Biblia.

Tulikuwa watu saba. Tulilipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne, kila mtu kama shilingi 33,000 na ushee kwa mwezi. Mmoja alikuwa anauza vocha, mmoja anafundisha tuisheni, wawili walikosa miezi kadhaa tukawabeba. Pesa hizo tungekuwa tumeombea nini? Nauli ya kwenda kwenye semina ya kuandika maombi ilikuwa inatumaliza zaidi.

Mwenzetu mmoja, dada anayeandika mashairi, alitoa pesa yake kila mwezi bila kukosa na bado alinipinga, na hoja yake haijanitoka. Alisema: "Kwa nini kila mara ni maskini anayeambiwa ajitegemee? Mimi nalipa kodi kwenye sabuni, nalipa kodi kwenye vocha. Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, serikali ikapeleka walimu na vitabu mpaka vijijini, na magari ya sinema yalikuja wazazi wetu wakakaa chini wakatazama. Leo nakuta tunajisifu kwa kufanya kazi ya serikali kwa pesa ya kitumbua." Kikao kilinyamaza. Na mimi nilinyamaza.

Ana haki. Sitaki makala hii itumike na mkubwa yeyote kusema mnaona, vijana wanaweza wenyewe, basi tuwaachie. Hatuwezi. Gari moja la miaka arobaini na kitu haliwezi kuwa maktaba ya mkoa. Lakini kudai na kungoja ni vitu viwili, na sisi tulikuwa hatudai, tulikuwa tunangoja, tena mlangoni kwa mtu ambaye hatukumchagua na hatuwezi kumwondoa. Tulipokwenda ofisi moja ya wilaya kuomba ruhusa ya kuingia shuleni, safari zilizopita tuliachwa kwenye benchi na barua yetu mkononi. Safari hii tuliliegesha gari mbele ya dirisha la afisa, tukafungua kibaraza. Makarani wakatoka kuchagua vitabu. Afisa naye akatoka kuuliza makarani wamekwenda wapi. Ruhusa ikaandikwa juu ya boneti.

Wapo wanaotucheka. Wanaliita jeneza, kwa sababu limezibwa ubavu. Mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba vijana wa jarida wamekuwa wauza mitumba, wameungaunga gari wanaungaunga na hadithi. Nilitaka kumjibu kwa hasira, nikaona anijibie mama. Mama anaunga mchuzi, anaunga udugu, anaunga kanga mbili zikawa pazia. Lini katika nyumba zetu kuunga kulikuwa tusi? Tusi ni kuziba kutu kwa puti.

Safari ya kwanza tulipanda Amani. Rejeta ilichemka mara mbili, tukasimama, tukangoja ipoe, tukauziana hadithi sisi kwa sisi. Kijiji cha kwanza tuliuza nakala 23 tu. Wakati tunafunga alikuja mzee mmoja anachechemea, akasema amelisikia gari kabla hajaliona, na mlio ule anaujua. Akauliza kama si la marehemu, akamtaja baba kwa jina. Nikasema ndiyo, mimi mwanawe. Akaingiza mkono kwenye koti. Mwaka aliougua, alisema, baba alimteremsha hospitali Muheza kwa mkopo, na alipopona akasikia msiba. Nauli aliyotoa ilikuwa ya bei ya zamani, isingenunua hata nusu ya jarida. Nilimpa mawili. Nilipofika nyumbani nilimpa mama zile sarafu. Alizihesabu, akauliza kama mzee yule bado anachechemea.

Gari lina kasoro, nisije nikadanganya. Gia ya pili inagoma asubuhi. Kibaraza kinavuja pembeni. Breki ya mkono inataka jiwe chini ya tairi, na jiwe tunalo, linakaa miguuni kwa abiria.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunapandisha toleo hili Lushoto, nakala 1,000, zile kilo 50. Tunalala Mombo Ijumaa ili tuanze mlima alfajiri kabla injini haijapata joto la mchana. Nafasi iko moja, juu ya maboksi ya mbele. Anayetaka kuja aje na shilingi elfu kumi ya petroli, chakula chake, na hadithi moja ambayo hajamsomea mtu. Akija na fomu ya mfadhili tutamwacha Mombo stendi.